Maziwa ya Kaskazini, Nafasi Moja

Kazi yangu ni kulinda boti ambazo haziendi popote. Niko Pearl, hapa Doha, kile kisiwa walichokichora kwenye karatasi kisha wakakimwaga baharini wenyewe, nadhani kwa sababu bahari ya Mungu ilionekana haina kona za kutosha. Nasimama kwenye lango la marina nimevaa tai. Nyuma yangu zimefungwa boti nyeupe, nyingine kubwa kuliko shule yangu ya msingi pamoja na uwanja wake wa mpira, na tangu niajiriwe nimeziona zikioshwa mara nyingi kuliko nilivyoziona zikisafiri. Jamaa wa kuosha anakuja, anaosha, anakausha kwa kitambaa laini, anaondoka. Vumbi linatua. Kesho yake anarudi. Sote wawili tunalipwa, kwa hiyo hakuna anayeuliza maswali.

Labda ndiyo maana mtu kama mimi, niliyekulia Molo, mahali ambapo maji mengi niliyowahi kuyaona pamoja yalikuwa ya tangi la kanisa, niliishia kupenda mtumbwi.

Ilianzia kwenye simu, wakati wa chakula cha mchana. Video ilijileta yenyewe. Mzungu mmoja mwenye ndevu, yuko kaskazini kabisa mwa dunia, huko Kanada, ndani ya mtumbwi mwekundu. Haongei. Anapiga kasia, maji yanalia chwa, chwa, miti inapita. Akifika mwisho wa ziwa anashuka, anauvaa mtumbwi kichwani kama mtu aliyevaa sufuria, anapotea msituni, anatokea kwenye ziwa jingine. Basi. Hiyo ndiyo hadithi yote. Jioni anakaanga samaki, mbu wanamkaanga yeye, analala chini. Ameacha kitanda, ameacha friji, amelipa pesa zake mwenyewe ili alale chini aliwe na mbu. Kwetu mambo hayo tulikuwa tukiyapata bure, na tukayakimbia.

Lakini niliangalia mpaka wali wangu ukakauka, nikairudia tena. Nje ya chumba cha walinzi kulikuwa na lile joto la Agosti ambalo hata kivuli kinatafuta pa kujificha, na pale kwenye kioo cha simu kuna mtu anachota maji ya ziwa kwa kikombe cha bati na kuyanywa hivyo hivyo. Nikasema moyoni: mimi lazima niende. Ndivyo nilivyo. Nikipenda kitu sipigi hesabu, napenda tu, hesabu watafanya wengine.

Wengine wenyewe ni hawa. Chumbani kwetu Al Rayyan tunalala wengi, lakini wanaohusika na kisa hiki ni wawili. Kitanda cha juu yangu analala mpishi, mtu wa Pemba, anayekaanga mayai ya asubuhi katika hoteli moja ya kifahari na ambaye nje ya kazi hataki kuliona yai hata kwa picha. Karibu na mlango analala dereva, mzee wa Mombasa, anayeendesha basi la wafanyakazi. Tunamwita mzee ingawa hajazeeka. Amezeeka sauti tu.

"Unataka kwenda wapi?" dereva aliniuliza nilipowaeleza, soksi moja mguuni, nyingine mkononi.

"Maziwa ya kaskazini. Kwa mtumbwi."

"Kufanya nini?"

"Kupiga makasia mpaka mwisho wa ziwa."

"Halafu?"

"Halafu kuna ziwa jingine."

Alinitazama vile anavyotazama taa ya injini ikiwaka. "Bwana mdogo, leo ulikunywa maji ya kutosha?"

"Si makasia, yakhe," mpishi alisema kutoka juu, bila kufumbua macho. "Kasia hufungwa chomboni. Hilo la kushika mkononi huitwa kafi."

Nilisimama nikakamata ukingo wa kitanda chake. "Kumbe wewe unajua mitumbwi?"

"Mimi nimezaliwa kisiwani."

"Unajua kuogelea?"

"Nimekwambia nimezaliwa kisiwani. Maji nayajua vizuri, ndiyo maana siyaingii."

Kwa hiyo msafara ulikuwa na mtaalamu wake. Dereva alisema sisi ni wagonjwa, akavaa soksi ya pili, akatoka. Siku mbili baadaye alirudi na swali: huko msituni, dubu akitokea, mtu anapiga honi au anazima taa? Nikajua naye amenaswa.

Tulianza kupanga kwa nguvu zote za watu ambao hawaendi mahali. Mpishi alimbembeleza kijana wa ofisini kwao amchapie ramani, ikatoka kwenye karatasi ndogo ndogo tukaziunga kwa gundi ya utepe na kuibandika ukutani. Ukurasa wa katikati haukutoka. Mto wetu ulikuwa unashuka vizuri kutoka ziwa kubwa, unafika kwenye ukuta mtupu wenye alama ya msumari, unapotea, unatokea tena upande wa pili umenenepa. Hakuna aliyejua hapo katikati kuna nini. Dereva alisema kwa uzoefu wake hapo kuna mzunguko wa barabara na kamera.

Halafu likizo. Mimi hupewa Desemba. Mpishi hupewa wakati wageni wa hoteli wamepungua, yaani kiangazi. Dereva hupewa pale bosi wake akikumbuka. Nilisoma kwamba Desemba maziwa yale yameganda yote, mpaka unaweza kuegesha lori juu yake.

"Basi wewe utateleza," dereva alisema. "Sisi tutakuja na mtumbwi yakishayeyuka. Utatusubiri pale kwenye msumari."

Viza hatukuizungumzia. Tulikubaliana mambo madogo tuyaweke mwisho.

Mpishi alitufungulia grupu kwenye simu, akaipa jina Maziwa ya Kaskazini, na sheria moja: Kiswahili tu. Alisema amechoka kukaa chumba kimoja na Wakenya wawili wanaoanza sentensi kwa Kiswahili na kuimaliza kwa Kiingereza kama gari lililoishiwa mafuta. Aliyeandika neno la Kiingereza anaosha choo zamu ya mwenzake. Dereva aliosha choo wiki nzima. Mimi nilijifunza kunyamaza. Naitaja sheria hiyo kwa sababu bila hiyo haya mengine yasingetokea. Neno moja tu la Kiingereza, neno dogo analolijua hata mtoto wa chekechea, lingetuokoa sote. Lakini tulikuwa tunalinda lugha.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa viti. Mtumbwi wa namna ile ni wa watu wawili: mmoja mbele, mmoja nyuma. Mpishi akatufundisha kwamba mbele huitwa omo na nyuma huitwa tezi.

"Mimi kwenye tezi sikai," dereva alisema papo hapo.

"Kwa nini? Wa nyuma ndiye mwenye usukani."

"Hata kama. Kwa umri wangu huu mtu haendi mwenyewe kukaa kwenye tezi. Mambo ya tezi namwachia daktari."

Basi mpishi akachukua tezi, dereva akachukua omo, mtumbwi wa kwanza ukajaa. Mtumbwi wa pili ulikuwa wangu. Nilikuwa nahodha, na mbele yangu kiti kitupu.

Jioni tulifanya mazoezi nyuma ya jengo, kati ya kamba za nguo. Viti vya plastiki viwili viwili, mopu mikononi badala ya makafi. Wao wawili walipiga hewa kwa mpigo mmoja, dereva akihesabu kwa sauti ya kondakta, na nilipowatazama nilikuwa karibu kuamini kwamba zulia la vumbi linasogea. Mimi nilipiga peke yangu nikitazama mgongo wa kiti. Kilikuwa cheupe, kimepasuka kidogo katikati. Nilikifahamu kile kiti kuliko nilivyofahamu ramani. Siku moja tulijaribu na ile ya kubeba mtumbwi nchi kavu, tukaweka godoro kichwani, mimi mbele, mpishi nyuma, tukakata uwanja wa magari. Msimamizi wa kambi akatusimamisha.

"Godoro linakwenda wapi?"

"Ziwa la pili," mpishi alijibu kutoka chini ya godoro.

Tuliandikwa majina.

Sasa nimtaje yeye. Ni yaya katika mnara mmoja pale Pearl, Mganda, anatoka upande wa Mbarara. Kila alasiri, jua likianza kuwa na adabu, alipita langoni kwangu akisukuma kigari cha mtoto. Wengine hupita wanakutazama kama wewe ni sehemu ya lango. Yeye alisimama, akasema, "Ssebo," yaani bwana kwa kwao, "habari ya kusimama?" Katika maisha yangu ya ulinzi hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya kusimama. Nikamwambia ni nzuri, ingawa miguu ilikuwa inanitukana.

Aliniomba tuongee Kiswahili. Alisema kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya askari, watu walikisikia wakaingia ndani na kufunga mlango, lakini hapa Doha amekisikia kwa wapishi na mayaya na ameona kumbe kina sukari. Basi tukawa tunaongea, dakika chache tu, mtoto akituangalia kama hakimu. Maneno yake yalikuwa machache na aliyapanga anavyotaka yeye, na mimi nilikuwa nasubiri alasiri nzima aje ayapange.

Siku moja alisimama akatazama boti. "Hizi zinaenda wapi?"

"Haziendi popote. Lakini sisi tunaenda."

"Nyinyi nani?"

"Mimi na wenzangu wa chumbani. Tunapanga mambo ya maziwa ya kaskazini."

Alikiachia kigari. Nasema kweli, alikiachia kikaanza kwenda chenyewe, ikabidi nikizuie kwa buti. "Maziwa?" alisema. "Maziwa ya kweli?"

"Ya kweli kabisa."

"Ssebo! Hujaniambia! Mimi nataka. Mimi nataka sana. Kuna nafasi?"

Nilimwangalia usoni. Macho yake yalikuwa yamejaa, kama mtu aliyepigiwa simu na nyumbani. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini yaya wa Mbarara alie kwa ajili ya ziwa la Kanada. Mimi niliona jambo lililo wazi: nimempata mwenzangu duniani. Nikamwambia nafasi ipo, imebaki moja. Nikamwingiza kwenye grupu hapo hapo, kwa simu yangu nikiwa zamu, jambo lililokatazwa.

Kuanzia siku ile sikutaka kitu kingine. Si ramani, si mzungu mwenye ndevu. Nilitaka akae kwenye kiti kile chenye ufa. Ningefika Kanada au nisifike, mgongo ule wa plastiki uwe mgongo wake.

Picha yake kwenye simu ilikuwa ng'ombe mwenye pembe ndefu kama makafi. Wenzangu walimpokea kwa heshima. Halafu akaanza kuuliza maswali, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza vizuri hivyo.

"Hii maziwa inatoka mbali?" aliandika.

"Mbali sana, dada," nilijibu. "Ndiyo raha yenyewe."

"Ni safi?"

"Safi mno. Watu wanakunywa hivyo hivyo kwa kikombe, bila kuchemsha."

"Bila kuchemsha! Mimi hapana. Mimi lazima nichemshe."

"Huyu ana akili," dereva akaandika. "Binti, sikiliza roho yako, chemsha."

"Na juu inashika? Ile kitu nzito ya juu?"

Nikamweleza kwamba juu hushika sana, hasa Desemba, hushika mpaka lori linapita. Kisha akaandika, "Bannange, jamani! Hiyo ndiyo naota."

Nilimwonyesha mpishi ujumbe ule mara kadhaa. "Anaota barafu," nilimwambia. "Umewahi kukutana na mwanamke anayeota barafu?"

"Muulize uzito wake," mpishi alisema. "Nahesabu mzigo."

Siku nyingine aliuliza mtu mmoja anaruhusiwa kubeba kiasi gani. Mpishi akajibu kwamba kwa njia za nchi kavu kila mmoja abebe anachoweza kubeba kichwani bila kuinama. Akasema hiyo hakuna shida, nyumbani alikuwa anabeba kila asubuhi. Dereva alinipigia makofi chumbani. Tulimwona ni mtu aliyezaliwa kwa ajili ya msafara.

Tukaitisha mkutano siku ya Ijumaa, siku yake ya mapumziko, kwenye kipande cha nyasi karibu na kituo cha metro ambako watu wa kwetu hukaa wakipiga simu nyumbani. Ulikuwa ule msimu mfupi ambao Doha inakumbuka kuwa na upepo. Mimi nilivaa shati la harusi za watu. Mpishi alileta ramani na sambusa, dereva alileta mashaka.

Alikuja kwa miguu kutoka kituoni, amevaa gauni la njano, na mkononi amebeba dumu la lita tano. Tupu. Limesuguliwa mpaka linang'aa, mfuniko wake umefungwa kwa kitambaa safi.

"Mnaona?" mpishi alitunong'oneza. "Sisi wanaume tumekuja na sambusa. Yeye amekuja na chombo cha kukumbia maji mtumbwini."

"Mimi nilisema huyu ana akili," dereva alisema.

Akatusalimu kwa kuinama kidogo, akakaa, akaliweka dumu mapajani. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Gari iko wapi?"

"Gari la nini, binti?"

"Ya kuleta. Maziwa iko wapi?"

Mpishi alikuwa ameisubiri nafasi hiyo maisha yake yote. Aliitandaza ramani juu ya nyasi, akailainisha kwa viganja, akaweka sambusa kila kona isipeperuke. "Haya hapa," alisema, akapitisha kidole kwenye rangi ya bluu. "Hili, na hili, na hili hapa mpaka kwenye msumari."

Aliitazama ramani. Akanitazama mimi. Akaitazama tena.

"Ssebo," alisema polepole, "hii ni karatasi."

"Ndiyo. Ni ramani ya maziwa."

"Maziwa," alisema, akafanya mikono yote miwili hivi, juu, chini, juu, chini, vidole vikivuta kitu kisichoonekana. Alikuwa anakamua. Treni ya metro ilikuja, ikapita.

Mpishi ndiye aliyeelewa kwanza. "Laa haula," alisema, akafunika ziwa kubwa kwa kiganja kana kwamba limevua nguo.

Nilimweleza, kwa Kiingereza, sheria au si sheria. Nilipofika kwenye neno lile dogo aliinua mkono nisiendelee. Alicheka kidogo, kile kicheko cha kumsaidia mtu mwingine asiaibike. Akasema tangu aje hapa hajanywa maziwa ya ng'ombe aliyemwona. Anakunywa ya boksi, ya madam, yana picha ya ng'ombe asiyemjua. Akasema kwao mtu hawezi kukaribishwa bila maziwa, na alikuwa amemwambia mama yake kwenye simu kwamba amepata Wakenya wanaoyaleta kutoka kaskazini, yanashika juu, mama yake akashangilia.

"Hakuna shida, ssebo," alisema. "Kiswahili ni kigumu."

Akasimama, akaenda kituoni na dumu lake. Hakulibeba kwa mpini sasa. Alilikumbatia. Kabla hatujakunja ramani simu zetu tatu zililia pamoja: ametoka kwenye grupu.

"Imebaki nafasi moja tena," dereva alisema, kisha akaniona uso. Akanipa sambusa ya kona ya kusini.

Wiki ile hakupita langoni. Alipita upande wa pili wa maji, nilikiona kigari tu. Mazoezini nilipiga mopu yangu kama mtu anayefagia msibani. Mwishowe mpishi akasema hawezi tena kutazama, msafara umeingia nuksi. Na mimi nikamshika dereva.

"Mzee, wewe unapita kila mahali. Huku hakuna mtu mwenye maziwa? Ya kutoka kwa mnyama?"

"Yapo. Kuna izba huko juu, shamba la mifugo. Kuna mchungaji Msudani, namjua."

"Juu wapi?"

Alikohoa. "Kaskazini," alisema, na kwa mara ya kwanza sikuona sababu ya kumtupia mto wa kulalia.

Aliazima gari la rafiki yake na Ijumaa iliyofuata tukapanda barabara ya kaskazini, mimi, dereva, mpishi, na dumu jipya nililolisugua mwenyewe. Naweza kusema ndiyo sehemu pekee ya mpango wetu iliyowahi kutekelezwa. Hakukuwa na ziwa. Hakukuwa na mti. Kulikuwa na nyaya za umeme na jangwa la rangi ya biskuti, na mpishi nyuma akitangaza kila kibao kana kwamba ni poromoko la mto. Tulipoiacha lami gari likakwama mchangani, tukashuka tukasukuma. "Nchi kavu!" mpishi alipiga kelele kwa furaha. "Wa mbele avute, wa tezi asukume!"

Mchungaji alitupokea vizuri kuliko tulivyostahili. Nikaonyesha dumu, nikasema neno langu lote la Kiarabu: "Halibu?" Akatabasamu, akaingia nyuma ya ukuta wa mabati, akarudi na ndoo yenye povu jeupe, la moto, limesimama. Nilikuwa karibu kulia. Ngamia niliwaona, ndiyo. Walikuwa wamesimama kila upande wakinidharau. Nilidhani ni wa mashindano.

Kesho yake alasiri nilikuwa langoni, tai shingoni, dumu ndani ya begi la barafu nililoazima kwa jamaa wa kuosha boti. Nilipokiona kigari upande wa pili nilifanya jambo ambalo mlinzi hafanyi: niliacha lango. Boti zilijilinda zenyewe. Zilifanya vizuri tu.

"Dada," nilisema, na hotuba yote niliyoiandaa ikanitoka kichwani. Nikampa begi.

Alifungua. Akaona dumu. Akanitazama, akafungua mfuniko, akafunga macho, akanusa. Nilimwona uso ukitulia, halafu ukikunjika, halafu akinusa tena kuhakikisha.

"Umetoa wapi?"

"Kaskazini. Kwa kweli. Tumeenda jana, gari likakwama."

"Ssebo," alisema, na sauti ilianza kumtetemeka, "hii ni ya ngamia."

Nilisimama pale. Nilimfikiria dereva, ambaye alikuwa kule shambani, ambaye anajua, ambaye aliendesha na dumu lile pembeni yake njia nzima bila kusema neno. Nilipomkabili jioni alinijibu kwa utulivu, "Bwana mdogo, ulisema maziwa. Hukusema ya nani."

Lakini hilo la jioni. Pale ukingoni mwa maji, kilichomtetemesha sauti kilikuwa kicheko. Kilimtoka chote. Alicheka mpaka akashika kigari, mtoto naye akacheka bila kujua sababu, wazungu wa mkahawani wakageuka na vijiko vyao. "Umeenda mpaka kaskazini," alisema akifuta machozi, "kuniletea ngamia!"

"Nitarudi. Nitatafuta ng'ombe. Nitamwona kwa macho yangu, nitamuuliza."

"Hapana, hapana." Alifunga mfuniko vizuri, akalikumbatia dumu vilevile alivyolikumbatia lile tupu. "Hii nitachemsha. Nitamwambia mama ni ng'ombe mrefu." Alitazama boti zisizokwenda. Kisha, bila kunitazama: "Na hiyo ingine? Hiyo ya maji? Ile kiti bado iko?"

Ijumaa tulibeba viti kichwani, vinne, kutoka kambini mpaka kwenye nyasi za metro. Watu walidhani kuna mkutano wa dini. Dereva na mpishi wakakaa, omo na tezi, mopu tayari. Mimi nikakaa kiti changu cha nyuma, nikamwonyesha yaya kile chenye ufa mbele yangu.

Alikizunguka, akakichunguza. Akakishika, akakigeuza, akakaa. Magoti yake na yangu yalikuwa karibu kugusana.

"Siyo hivyo," nilisema. "Wa mbele anatazama mbele. Ananipa mgongo."

"Nikupe mgongo? Mtu ninayeongea naye? Kwetu hiyo ni matusi, ssebo."

"Sasa nani ataona njia?"

"Wewe si unaona? Mbele yako kuna nini?"

Alichukua mopu, akaniuliza habari ya kukaa, nikasema ni nzuri.

"Hao watagonga jiwe," dereva alisema bila kugeuka, akipiga hewa.

"Kwenye msumari," mpishi alisema. "Pale pale kwenye msumari."

Tukaanza kupiga. Kwa vile tulikuwa tunatazamana, yeye alivuta kwake na mimi nikavuta kwangu, na kwa hesabu za mpishi mtumbwi wetu haukusogea hata shubiri.